Siku Niliyoziachia Hatamu

Naikumbuka asubuhi moja, mwanangu, kama vile naitazama sasa hivi kupitia kioo cha gari. Shangazi yangu Bi Rukia amesimama kwenye matope ya Minnesota, theluji ndiyo kwanza inamalizika kuyeyuka, leso mbili za Lamu amejitanda juu ya koti lake zito la baridi, mikono yake miwili imeshika ua wa mbao unaozunguka uwanja wa farasi. Na ndani ya uwanja huo niko mimi, juu ya farasi nisiyemjua, nakwenda mbio ambazo sikuziomba. Ulikuwa mtihani. Nikifaulu, nabaki na farasi. Nikifeli, Jumatatu navaa sare na kuanza masomo ya kutunza wazee. Nilikuwa nimekula kiapo, na shangazi alikuja kuhakikisha.

Lakini kabla sijafika huko, mjue kwanza anayekuambia maneno haya, maana nakuita mwanangu kwa umri tu, si kwa damu. Naitwa Athman. Shule niliiachia darasa la sita, wala sikuaga. Leo nina ardhi yangu humu humu Minnesota, upande wa mashariki, kupita mji wa Oakdale, na juu ya ardhi hiyo nina banda la farasi ambalo mbao zake nyingi nimezipigilia mwenyewe. Watu wananiletea farasi waliowashinda. Wanawashusha kwenye matrela yao uani kwangu, wanavua miwani ya jua, wanasema, "Athman, huyu sijui tumfanye nini." Mimi nasema, mfungeni pale, nendeni mkanywe kahawa. Mwezi mmoja baadaye mtoto wao wa shule anampanda. Utasema najisifu. Najisifu, ndiyo. Ningengoja kusifiwa na watu ningekuwa bado nangoja.

Haya yote nayatoa Lamu. Kwetu mjini punda ndiye gari, ndiye lori, ndiye kila kitu. Baba yangu alikuwa na punda wa kubeba mawe na mchanga wa wajenzi, na mimi nilipanda punda kabla sijajua kufunga kikoi. Punda wetu hatumtii chuma mdomoni. Mgongo wazi, unamkalia nyuma kabisa, karibu na mkia, miguu inaning'inia, na mkononi una kijiti. Ukimgusa shingo upande huu, anapinda upande ule. Ukirudisha uzito wako nyuma na kutoa pumzi, anapunguza mwendo. Vichochoro vyetu navyo ni vyembamba, na punda wawili wenye mizigo wakikutana, mmoja lazima arudi kinyumenyume mpaka penye upana, basi unainama unampapasa kifuani, naye anarudi. Hakuna aliyeniketisha kunifundisha. Niliingia na ujuzi huo ukubwani kama nilivyoingia na lugha yangu. Na kwenye mashindano, mwanangu, nilishinda mpaka watu wakaacha kuuliza nani wa kwanza, wakawa wanauliza nani wa pili.

Aliyenileta Amerika ni huyu Bi Rukia, dada yake baba. Alitangulia miaka mingi. Alikuwa akitunza wazee katika nyumba moja huko Crystal, na kwake, fleti ndogo ya Columbia Heights, ndiko nilikofikia. Wewe umezaliwa hapa, unajua Wakenya wa hapa tulivyo. Ukienda harusini au kwenye baraza la Idi, kila unayemsalimu ama anatoka zamu ama anakwenda zamu. Kijana akishuka uwanja wa ndege, kabla hajapata viatu vya theluji ameshatafutiwa masomo ya kutunza wagonjwa. Ni kazi ya heshima ile. Shangazi aliifanya, na wali niliokula mwaka wangu wa kwanza ulitoka humo. Sitaki kusikia mtu akisema niliidharau. Ila haikuwa yangu, na nililijua hilo kama unavyojua kiatu kikikubana.

Mimi nikapata kazi ya kuzoa mavi ya farasi. Mbele ya Oakdale, kwa mama mmoja Mzungu aliyeitwa Ellen, ambaye alikuwa akipandisha watalii farasi na kuwapitisha msituni. Nilitafuta lifti, na lifti ikikosekana nilishuka mwisho wa basi nikatembea. Nilikuwa nachota, nafagia, nabeba marobota ya nyasi kavu, nanuka. Kwenye baraza la Idi jamaa waliniachia nafasi pana ya kukaa.

"Athman, leo umeoga mara ngapi?"

"Mwacheni, amepata ndugu zake. Kule alikuwa na punda, hapa amepata wakubwa zao."

"Mwanamume mzima umevuka bahari uje uzoe mavi? Si bora ungebaki, ya kwetu ni madogo!"

Nami nilicheka nao. Nilikula biriani yao, nikarudi kwenye farasi wangu. Lakini shangazi hakuwa akicheka. Siku moja alinikalisha jikoni.

"Athman, nimekuvumilia na harufu yako. Nimekuvumilia na matope yako kwenye zulia langu. Sasa niambie, hiyo kazi inakwenda wapi?"

Nikamweleza. Pale kwa Ellen, kupanda ngazi ni kuwa mtu wa kuongoza watalii. Na huwi hivyo mpaka upite mtihani wa kupanda. Tena mtihani wenyewe hupewi farasi uliyemzoea. Ellen alikuwa akisema farasi anayekujua anakufichia makosa yako, kwa hiyo unapewa usiyewahi kumgusa, hapo hapo, siku hiyo hiyo. Nikamwambia shangazi nimeshaomba kufanyiwa mtihani, na nitafaulu.

"Na ukifeli?"

"Sifeli."

"Sikukuuliza hilo. Nimekushikia nafasi ya masomo kwa meneja wangu. Yanaanza Jumatatu baada ya huo mtihani wako. Ukifeli utakwenda?"

"Nitakwenda."

"Sema wallahi."

Mwanangu, wewe unasema wallahi kwenye simu kila dakika, lakini kwetu sisi neno lile lilikuwa halisemwi hivi hivi. Nilimtazama. Alikuwa hajavua hata sare ya kazini, macho mekundu ya usingizi. Nikasema, "Wallahi, nikifeli nitakwenda."

Sasa kuna mzee mmoja pale bandani, Dale, mwenye kofia ambayo nadhani alizaliwa nayo. Ndiye aliyekuwa akiniita Mtu wa Punda. Hakuwa na ubaya, na glavu zangu za kwanza za baridi alinipa yeye. Baridi yote ile alinifundisha kupanda kama wanavyopanda wao. Kaa katikati ya tandiko. Miguu ndani ya vikuku, vile vyuma vya kukanyagia. Hatamu fupi, shika sawasawa, farasi asikie mkono wako mdomoni wakati wote.

"Farasi ni mkubwa kuliko wewe," alikuwa akisema. "Akikaidi, vuta. Lazima ajue bosi ni nani."

Nikajifunza. Nilifanya bidii sana kufanana nao, mpaka nilikuwa nikijitazama kwenye kioo cha dirisha la banda, naona mgongo umenyooka kama wa askari, nasema, haya, sasa umekuwa mpandaji wa kweli. Mambo ya Lamu niliyaweka mbali. Niliyaonea haya, ukitaka ukweli.

Basi asubuhi ya mtihani ikafika. Shangazi akaja na gari lake kuukuu moja kwa moja kutoka zamu ya usiku, na alipoteremka, Dale alivua kofia. Ndiyo mara pekee niliyomwona kichwa wazi.

Ellen akatia majina ya farasi ndani ya kofia ile ile, akachomoa moja. Akasoma, akamtazama Dale, Dale akatazama chini. Lilikuwa jina la farasi jike mwekundu, mrefu, aliyeletwa wiki ile ile kutoka Wisconsin. Pale hakuna aliyekuwa amempanda bado.

"Nichomoe jingine?" Ellen akauliza. Kwa wema, si kwa dharau.

"Si ulisema farasi asiyejulikana?" nikamjibu. "Huyu hajulikani na yeyote. Nipeni huyu huyu."

Nikapanda. Mwendo wa pole ulikuwa mzuri. Ellen alisimama katikati ya uwanja akaniambia pinda kulia, nikapinda, simama, akasimama kwa shida kidogo, akitupa kichwa. Akasema nenda matiti, ule mwendo wa kudundadunda kati ya kutembea na kukimbia, yule jike akaenda matiti, mgongo wake mgumu kama ubao. Halafu akasema, sasa shoti, yaani mbio zenyewe. Nikamgusa kwa visigino.

Mwanangu, aliondoka kama mlango uliofunguliwa na upepo.

Sikuogopa mbio. Nimekwenda mbio barabara ya ufukweni kwetu umati wote ukipiga kelele. Lakini Ellen aliposema simama, nikavuta. Alipohisi chuma kinambana mdomoni, akainua kichwa juu, akakaza taya, akaongeza. Nikavuta zaidi. Akaongeza zaidi. Tulipopita mara ya kwanza mbele ya ua, nikamsikia Dale, "Vuta! Vuta, Mtu wa Punda!" Tukazunguka tena. Mikono inaniwaka, vikuku vinanipiga miguu, mchanga unaruka. Kila nilichofundishwa baridi nzima nilikifanya, na kila nilipokifanya vizuri zaidi ndivyo alivyokimbia zaidi. Nikaiona Jumatatu. Nakuambia kweli, niliiona sare, niliiona mpaka kadi ya jina kifuani.

Ndipo nikamsikia shangazi. Bi Rukia hana sauti kubwa, lakini alikulia kwenye punda wa baba yake kabla ya baba yangu, na sauti aliyoitoa asubuhi ile sikuwahi kuisikia kwake tena.

"Athman! Mwachie kinywa chake! Wamvuta kama wamng'oa jino! Nani kakufundisha upuzi huo? Kaa kama baba yako, ewe!"

Kaa kama baba yako. Nikaachia hatamu zikalala shingoni kwake. Nikachomoa miguu kwenye vikuku. Nikajisogeza nyuma mpaka makalio yakagonga ukuta wa lile tandiko lao, nikalegeza kiuno, nikalegeza mabega, nikatoa pumzi ndefu, ile tuliyokuwa tukiitoa tukikaribia gati na punda wamechoka. Nikaanza kumsemesha kwa Kiamu, Kiswahili cha kwetu Lamu, maneno ya kijinga tu, mama, polepole, mama, hakuna anayekufukuza.

Masikio yake yakageuka nyuma kunisikiliza. Shoti ikawa matiti. Matiti yakawa mwendo wa kawaida. Akasimama, akapiga chafya kubwa, akateremsha kichwa mpaka karibu na mchanga. Nikamhisi mgongo unalainika chini yangu.

Ellen akaja anakimbia. Uso ulikuwa umempauka. "Uko sawa? Haya, shika hatamu."

"Hapana."

"Athman, shika hatamu. Huu ni mtihani wangu."

"Na shingo ni yangu. Huyu hataki chuma. Kuna mtu alimuumiza nacho huko alikotoka, mimi sijui. Wewe niambie unachotaka farasi afanye, naye atafanya. Mikono yangu niachie mwenyewe."

Dale akacheka kule uani. "Anataka tuingie darasa la punda!"

"Njoo wewe umpande basi," nikamwambia, kwa sauti, wala sikugeuka.

Ellen angeweza kunishusha pale pale, banda lilikuwa lake. Akakunja mikono. "Mapipa," akasema. "Pita katikati ya mapipa."

Nikampitisha katikati ya mapipa kwa kumgusa shingo kwa vidole, huku na huku. Akasema vuka gogo, akavuka gogo. Akasema fungua lango ukiwa juu yake, nikamsogeza ubavu kwa goti, nikafungua, tukapita, nikafunga. Nilikuwa nimeketi nyuma kama muuza mchanga, miguu inaning'inia, na saa ile sikuona haya hata kidogo. Ningekuwa na kijiti ningekizungusha.

"Kinyumenyume," akasema Ellen.

Hapo nikainama mbele, nikampapasa kifuani kama ninavyojua. Yule jike hakunielewa. Kwao hakuna vichochoro. Akasimama tu. Nikampapasa tena. Akageuza kichwa akaninusa goti. Nikasikia Dale anakohoa kule kukohoa kwa mtu anayezuia kicheko. Ningeweza kuzichukua hatamu, zilikuwa pale pale shingoni, kuvuta kidogo tu, na ingekuwa imekwisha. Sikuzigusa. Nikangoja. Nikampapasa, nikangoja tena. Nilihisi kama Lamu nzima imesimama kwenye ule ua, na baraza zima la Idi, wote wanangoja kucheka.

Akainua mguu mmoja. Akaurudisha nyuma. Halafu mwingine. Nikamkumbatia shingo pale pale, mtihani au si mtihani.

Ellen akaja akashika singa za shingoni mwa yule farasi. Maneno aliyoniambia ninayo mpaka leo.

"Nimeona kitu ambacho sijawahi kukiona hapa," akasema. "Na umefeli."

"Amefanya kila ulichosema."

"Amefanya. Lakini kesho nikikupa watu ambao hawajawahi kupanda farasi, wote watatazama mikono yako. Ukiachia, wataachia. Wao hawana makalio yako, Athman. Nani atawaokota msituni?"

Mwanangu, neno lake lilikuwa na akili. Hata leo, mgeni akija kwangu mara ya kwanza, namshikisha hatamu na namkemea akizilegeza. Lakini siku ile sikuwa tayari kumpa ushindi huo.

"Haya, nimefeli," nikasema. "Farasi wako hakufeli." Nikateremka.

Nikamwendea shangazi, yule jike ananifuata nyuma mwenyewe. Kiingereza cha Ellen cha haraka hakukishika chote.

"Amesemaje?"

"Amesema nimefeli."

Alifumba macho kidogo. Sijui kama alifurahi au alisikitika, na sikuwahi kumuuliza. "Basi Jumatatu," akasema taratibu. "Ulikula kiapo."

"Nilikula."

"Nitakupitisha dukani tukununulie viatu vyeupe."

"Siendi, Shangazi."

Akafumbua macho. "Wasemaje?"

"Siendi. Nitafunga kafara."

Wewe uliyekulia hapa huenda hujui. Mtu akivunja kiapo, dini yetu imemwekea njia ya kulipa. Awalishe masikini, na asiye na uwezo huo afunge siku tatu. Si mlango wa kuchezea. Mimi uwezo wa kulisha mtu sikuwa nao, nilikuwa nakula kwake. Mfungo ndio niliokuwa nao.

"Athman, kiapo si mate ya kutema," akasema. "Umetaja jina la Mola wako jikoni kwangu."

"Nimelitaja, na yeye ndiye nitakayemfungia. Lakini wewe ndiye uliyesema nikae kama baba yangu. Nimekaa kama baba yangu. Sasa unataka nikakae kama nani?"

Sikuwahi kumjibu hivyo shangazi yangu. Kwetu mtoto hamjibu mkubwa hivyo, na wewe usijaribu kwa mama yako halafu useme ulisoma kwangu. Niliona shangazi analitafuta neno la kunipiga nalo, na angelipata, nalo lingeniuma, kwa sababu kila alichokuwa nacho alinigawia. Lakini yule farasi alikuwa amepenyeza kichwa juu ya ua. Akanusa koti lake. Akanusa leso. Halafu, taratibu kabisa, akaitia pembe ya leso mdomoni akaanza kutafuna.

"Hebu mwondoe huyu," shangazi akasema, "yuwala leso yangu."

Nikataka kumwondoa. Akanizuia mkono. Akamwekea kiganja chini ya taya, pale pale penye chuma, akatazama ndani ya mdomo kama anavyowatazama wazee wake wa Crystal meno yao. Akaona alama za zamani za kuumizwa na chuma, ambazo mimi sikuwa nimeziona. Akamfutafuta kwa ile leso iliyokwisha kutafunwa.

"Tutafunga lini?" akauliza, akiwa hajageuka.

"Mimi ndiye niliyevunja, Shangazi. Wewe huna kafara."

"Mimi ndiye niliyekuapisha nikiwa na hasira. Nitafunga nawe."

Nikarudi kwa Ellen. Alikuwa anavua matandiko ya farasi mwingine. Nikamuuliza, "Yule mwekundu, kesho atampanda nani?"

Ellen akamtazama Dale. Dale akasema mgongo wake siku hizi ni mbovu.

Ellen akacheka kidogo. "Mchukue wewe. Sitakupa watalii. Nitakupa yeye, mpaka majira ya joto yaishe. Mfundishe kuikubali hatamu. Na wewe ujifunze kuishika bila kumuumiza mtu."

Hivyo ndivyo kazi yangu ilivyoanza, mwanangu. Hakuna aliyenipigia makofi. Kwenye baraza walipojua nimefeli na sijaenda kwenye masomo, walisema Athman kichwa chake kimegongwa na farasi. Siku za mfungo nilimfundisha yule jike nikiwa na njaa, na jioni shangazi na mimi tulikaa jikoni Columbia Heights tukingoja magharibi, tende mbele yetu, uji kwenye sufuria, yeye ametoka zamu, mimi nanuka farasi. Hakunisema kuhusu harufu. Alinisimulia jinsi babu yangu alivyomkataza kupanda punda kwa sababu ni msichana, na jinsi alivyokuwa akimwiba punda alfajiri hata hivyo. Nilikuwa sijawahi kuisikia hadithi ile.

Vuli nilirudia mtihani, farasi mwingine nisiyemjua, hatamu mkononi, nikafaulu. Mtihani ule sikumbuki hata rangi ya farasi. Kufikia hapo Ellen alikuwa amekwisha kuniletea mkaidi wa pili, na jirani yake akaleta wa tatu, na baadaye nikaanza kusikia gari likipinda uani na trela nyuma, watu wakiuliza yuko wapi yule Athman. Shangazi leo amestaafu, anaishi kwangu, analalamika kuwa nyumba ni kubwa mno na farasi wanamwamsha. Ile leso anayo. Ukimtembelea mwombe akuonyeshe pembe yake, utaona imekosa kipande.

Sasa nisikilize, nikuambie nilichotaka kukuambia tangu mwanzo. Utakalishwa juu ya farasi usiyemjua. Wewe pengine hutagusa kwato maisha yako yote, lakini utapewa kazi mpya, bosi mpya, chumba kimejaa watu ambao hakuna anayeweza kulitamka jina lako, na mtu atasimama katikati akukunjie mikono akupime. Waache waifundishe mikono yako kila wanachojua wao, jifunze bila aibu, mimi nilijifunza kwa Dale na nikarudi kujifunza tena kwa Ellen. Lakini usiionee haya namna ulivyokaa kwenu. Siku chuma kitakaposhindwa, na kitashindwa, utakachobaki nacho ni kile ulichokulia nacho kwenu. Kitumie mbele yao wote, hata wakicheka, hata wakisema umefeli. Wakikueleza kwa nini umefeli, wasikilize, huenda wana haki. Halafu omba upewe yule farasi. Na kama kuna neno ulilompa mtu, nawe huwezi kulitimiza bila kujivunja, usilikimbie. Nenda mbele yake, mwambie usoni, na ulilipe kwa njaa yako mwenyewe.

Nakuombea, mwanangu. Mola akupe kazi iliyo kubwa kuliko wewe, na makalio ya kuikalia. Akuondolee woga wa kuchekwa. Akuwekee kando ya uwanja mtu wako mmoja mwenye sauti, aliyetoka zamu hajalala, atakayekukumbusha wewe ni mtoto wa nani. Na siku wewe utakapokuwa ndiye uliyesimama uani na mwingine yuko juu ya farasi anakimbizwa, akupe pumzi ya kupiga kelele. Amin.